Mzee Sumu Anafagia Uani

Machi 4

Mvua imeanza. Bibi amesafisha mifereji ya paa, mimi nimeshika ngazi. Nimelichukua daftari langu la hesabu lenye kurasa nyingi tupu, maana tangu nimalize shule sina pa kusemea. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama usoni nikiwa natafuta neno.

Machi 6

Watu wa tamthilia wamerudi, na safari hii wamekubaliana na Bibi. Watakodi sebule na chumba cha mbele, sisi wawili tutahamia vyumba vya uani. Mwongozaji wao ni kijana mwembamba mwenye kofia. Alisimama katikati ya sebule akalitazama dirisha kwa muda mrefu kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani, akasema mwanga wetu ni mzuri. Sikujua kwamba tuna mwanga.

"Mwanga ni wa Mungu," Bibi akamwambia. "Kodi ni yangu."

Machi 11

Wamechafua ukuta. Bibi huupaka chokaa kila mwaka, na leo fundi wao, mpaka rangi, ameupaka masizi na chai iliyolala, kwa brashi na sifongo, taratibu kama anayempaka mgonjwa dawa. Mapazia yetu ameyachovya kwenye maji ya matope, akayaanika, akayarudisha dirishani. Bibi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kwenye hadithi yenu nyumba hii ni ya nani?"

"Ya mzee aliyefiwa na mkewe, Mama. Binti yake wa pekee alishaondoka. Yuko peke yake."

"Mimi nimefiwa na mume. Umekuta masizi wapi? Kwani aliyefiwa hana sabuni?"

Mpaka rangi akachovya tena sifongo. Bibi alipoondoka aliniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, uchafu huu ni kazi. Mtu asiuguse." Nikaitikia kwa kichwa.

Machi 12

Leo amekuja mwigizaji atakayekuwa huyo mzee. Alipita uani kutafuta choo, akatoa salamu. Bibi alikuwa anachambua maharagwe. Aliinua uso, na maharagwe yakamwagika.

"Wewe," alisema.

"Mimi, Mama."

"Wewe ndiye uliyemtilia kaka yako sumu kwenye uji."

Sikujua pa kuangalia. Nilikuwa mdogo tamthilia hiyo ilipoonyeshwa, lakini nakumbuka jinsi Bibi alivyoitupia televisheni kandambili. Mgeni hakukasirika, wala hakucheka. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesomewa mashtaka anayoyajua.

"Ni kweli, Mama. Na nyumba yake nikaichukua."

"Na mkewe ukamfukuza."

"Kwenye mvua," akasema. "Ilikuwa mvua ya mpira wa kumwagilia bustani, lakini nilimfukuza."

"Choo ni kile pale. Ukitoka, usipite jikoni kwangu."

Tangu hapo kwetu anaitwa Mzee Sumu. Jioni alikuja na birika la chai ya wafanyakazi, akammiminia Bibi kikombe. "Mama, chai."

"Nimeshakunywa," Bibi akasema, na sufuria yetu akaisogeza mbali naye.

Machi 13

Mshona mavazi amempa Mzee Sumu ndara mpya za ngozi. Asubuhi alizishika mkononi, akazigeuza, akazinusa.

"Hizi hazijafanya kazi," aliniambia. "Mzee ninayemwigiza amefagia uwanja wake miaka na miaka, hizi zimetoka dukani juzi. Mjukuu wangu, niazime ufagio."

Nikampa. Amefagia uani kwetu kote, amechota maji, amepanga kuni. Kila mara anasimama na kutazama nyayo zake kwenye udongo. Anasema akishajua viatu vinataka kwenda vipi, huyo mzee wa hadithi atakuja kuvivaa mwenyewe. Bibi alimchungulia kwa dirisha.

"Anatafuta pa kutufukia," alisema.

Machi 14

Mwigizaji mkuu amefika. Ndiye binti wa yule mzee kwenye hadithi. Kwa karibu ni mzuri kuliko kwenye televisheni, ana shingo ndefu na anacheka polepole. Alinisalimia. Nilipokumbuka kuitikia alikuwa ameshaingia ndani.

Machi 16

Mvua. Nyumba yetu ni ya bati, na bati likianza kulia fundi wa sauti anavua vidude vya masikioni na kutikisa kichwa. Hapo kazi yote inasimama. Mzee Sumu amefagia kwenye manyunyu. "Mama, chai." "Nimeshakunywa."

Machi 18

Fundi wa sauti ametikisa kichwa tangu asubuhi. Mzee Sumu alikuja barazani kwetu na karatasi iliyolainika kwa kukunjwa, akaniomba nimsomee maneno ya binti ili yeye afanye mazoezi. Nilimjibu kwamba sijui kuigiza. Alilazimika kuinama ndipo anisikie.

"Nani amesema uigize? Soma tu kama unasoma tangazo la maji."

Kwenye hadithi, binti aligombana na wazazi wake akakimbia nyumbani. Amerudi baada ya miaka, mama yake ameshazikwa. Anakuta mlango haukutiwa komeo. Anaketi mezani, na baba yake anamweleza ni kwa nini. Maelezo hayo yanajaza ukurasa mzima.

"Umeona?" aliniuliza, akipitisha kidole kutoka juu hadi chini. "Hapa katikati hakuna mtu anayeingia."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba katika kazi yake yote yeye ndiye anayefungua mlango ili wengine waingie. Ndiye anayesema, bosi, wageni wamefika. Ndiye daktari anayesema, poleni, tumefanya tuliloweza. Kamera humjia kama mtu aliyepiga hodi nyumba isiyo yake, ikigundua imekosea inaondoka.

"Hapa haiondoki," alisema. "Itakaa usoni kwangu mpaka nimalize. Mwongozaji ameniahidi. Nywele zimeota mvi nikiungoja ukurasa huu, na nilishaanza kufikiri kwamba haujaandikwa."

Alikunja karatasi kwa uangalifu hata nikaona haya kuwa nimeigusa kwa mikono yenye unga.

Nilisoma nikiwa nimeugeukia ukuta. Hakuniambia nigeuke.

"Huyo binti naye amerudi na aibu," alisema. "Mwache atazame ukuta."

Machi 20

Bibi alinituma dukani, Mzee Sumu akafuatana nami ili ndara zake zizoee njia. Sijawahi kutembea na mtu wa namna hiyo. Fundi baiskeli alisimama wima akamwita hakimu. Vijana waliokaa kwenye ukuta wakaanza kushika mifuko yao, wakicheka, kwa sababu alishawahi kuwa mwizi kwenye tamthilia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwita daktari, akaanza kumweleza jinsi mtoto anavyokohoa usiku. Nilidhani atamsahihisha. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama mtoto machoni, akasema, "Mpeleke kituo cha afya leo hii, usingoje kesho." Yule mama akashukuru, akageuka na kushika njia ya kituoni.

"Mbona hukumwambia?" niliuliza tulipofika mbali.

"Alikuwa ameshapata ujasiri wa kusimulia. Ningemkatiza, angerudi nyumbani. Nimempeleka kwa daktari wa kweli, hilo hata mwizi anaruhusiwa."

Njiani akanisimulia alivyoanza. Alikuwa kijana anayebeba mbao za mafundi waliojenga nyumba ya kuigizia. Siku hiyo aliyepangwa kuwa maiti alikuwa na mafua, kila wakimfunika shuka anapiga chafya. Mwongozaji wa wakati huo akamnyooshea kidole mbeba mbao: wewe, lala. Akalala. Inzi akatua kwenye paji la uso, akatembea mpaka kwenye mdomo, akakaa hapo. Hakutikisika.

"Nilikufa vizuri mno," alisema. "Walikwenda kula wakasahau kuniambia kwamba nimefufuka."

Nilicheka kwa sauti barabarani. Mimi.

Tangu hapo amepigwa risasi, amezama, ameanguka ngazini, amehukumu na kuhukumiwa, amekuwa baba wa watu wanaomzidi umri. Watu wote wanamjua, ila kila mmoja anamjua kama mtu mwingine. Nilimuuliza kama haimuumizi. Tulipofika getini akanifungulia.

"Bibi yako hanywi chai yangu," alisema. "Tamthilia ile ilikwisha wewe ukiwa mtoto. Mtu akikaa na hofu yangu miaka yote hiyo, basi siku ile nilifanya kazi."

Machi 23, Jumamosi

Jua. Nimeona jambo ambalo sijui nitaliandikaje, lakini nitajaribu.

Walipiga picha tukio la mezani. Kwanza kamera iliwaonyesha wote wawili kwa mbali, baba na binti, na ukuta wa masizi nyuma yao. Kisha wakaisogeza imtazame binti peke yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni nyuma ya nyaya. Mzee Sumu aliwekwa kwenye kiti kando ya kamera, mahali ambapo haonekani kabisa. Nilidhani atasoma tu maneno yake ili mwenzake ajue pa kujibu. Wafanyakazi nao nadhani walidhani hivyo, kwa sababu mmoja alikuwa anatafuna karanga.

Akaanza kusema. Kiti kilikuwa kilekile cha plastiki, shati lilelile. Lakini mabega yalishuka, shingo ikawa nyembamba, na sauti ikatoka mahali ambapo sijawahi kusikia sauti ikitoka. Machozi yakamtiririka mpaka kwenye kola. Msichana wa vipodozi alimwendea na leso, akakumbuka katikati ya hatua kwamba haonekani, akabaki amesimama na leso yake. Yule wa karanga aliacha kutafuna. Mwigizaji mkuu alikuwa anamtazama Mzee, na kilio kikamjia kama kinachochotwa kisimani.

Wakasema kata. Watu wote wakampigia makofi mwigizaji mkuu, na alistahili. Mzee Sumu alipenga kamasi, akauliza chai iko wapi.

Nilimfuata uani. "Mzee, kamera haikuwa kwako."

"Sasa yeye angemtazama nani? Ukuta?" Alinipa kikombe nimshikie afunge ndara. "Jumatatu zamu yangu, naye atanipa."

Siku nzima nimekuwa nikifikiria kwamba kilichokuwa kikubwa kuliko vyote kilifanyika upande ambao hakuna aliyekuwa anatazama.

Machi 24, Jumapili

Watu wa tamthilia wamepumzika. Dada yake Bibi amekuja kututembelea. Alichungulia sebuleni akashika kifua. "Dada, umeishiwa kiasi hiki? Na hii inakwenda kwenye televisheni? Ukoo mzima utaonekana."

Alipoondoka, Bibi alifunga kanga ya kiunoni, akatoa sabuni ya mche. Nilimwambia, "Bibi, walisema pasiguswe." Nilisema. Lakini najua sauti yangu, haikufika hata kwenye ndoo. Amefua mapazia, amesugua ukuta, ameupaka chokaa, amepiga deki. Mimi nimechota maji. Kufikia jioni sebule inang'aa kuliko siku ya harusi.

Machi 25

Wa kwanza kuingia alikuwa mtayarishaji, mama mwenye simu mbili ambaye ndiye anayeshika fedha na kalenda yao. Alisimama mlangoni. Nyuma yake mwongozaji akavua kofia. Mpaka rangi aliketi juu ya sanduku, akafunika uso.

Bibi alitokea na kitambaa cha meza kilichopigwa pasi. "Karibuni. Sasa mtakaa kama watu."

Bibi alituangalia mmoja mmoja, na nikaona tabasamu lake likitafuta pa kwenda.

Mwongozaji ndiye aliyemweleza, kwa heshima. Binti ameshapigwa picha akiwa ndani ya nyumba yenye masizi. Baba hawezi kumjibu akiwa ndani ya nyumba nyeupe, wakati wako meza moja na dakika ileile. Ukuta lazima uchafuliwe upya, doa kwa doa, kwa kufuata picha walizopiga, na kwenye unyevunyevu huu hautakauka leo wala kesho. Keshokutwa mwigizaji mkuu anakwenda kwenye kazi nyingine mji wa mbali.

"Sikujua kwamba uchafu una mahali pake," Bibi alisema.

Mtayarishaji alisema maneno makali kidogo, kisha simu ikalia akatoka. Ndipo Mzee Sumu akasogea ukutani akiwa ameshavaa tayari, ndara zake zimeshapata umri, akapitisha kiganja kwenye chokaa.

"Mama, umesugua hasa," alisema. Hakuwa anakejeli. Alisema kama fundi anayemsifu fundi.

Bibi aliingia chumbani kwetu akafunga mlango. Sijawahi kumwona akifunga mlango mchana.

Machi 27

Ukuta umerudi kuwa mchafu, lakini mbichi. Mvua. Mwigizaji mkuu ameondoka na gari saa sita. Alimkumbatia Mzee, akasema, "Baba, nisamehe, ningebaki." Gari lilipotoka getini mimi nilinuna. Mzee aliniona.

"Usimnunie. Ana kazi tatu na mtoto anayenyonya. Jana alilala amekaa."

"Lakini wewe ulimpa."

"Nilimpa. Sikumkopesha."

Machi 29

Mvua. Fundi wa sauti ametikisa kichwa. "Mama, chai." "Nimeshakunywa." Zamani Bibi alikataa kwa hofu. Sasa nadhani anakataa kwa aibu, hawezi kumtazama.

Machi 30

Mvua. Ametikisa kichwa.

Aprili 1

Mvua. Fundi amevivua vidude vyake kabla hata hajavivaa.

Aprili 2

Matokeo ya mtihani yametoka. Nimefaulu. Mvua.

Aprili 3

Nilikuwa naanua nguo barazani nikasikia. Mtayarishaji alimwambia Mzee kwamba Ijumaa ni siku ya mwisho hapa kwetu, hawawezi kuongeza hata nusu siku. Kama Ijumaa itanyesha, ukurasa wake hautapigwa picha. Watatumia uso wa binti uliokwisha kupigwa picha, na sauti ya baba itasikika tu, na pale mwanzoni utaonekana mgongo wake kwa mbali.

"Hadithi itaeleweka," alisema mtayarishaji. Nadhani hata yeye hakupenda kulisema.

"Itaeleweka," Mzee akajibu. "Mgongo wangu nao umefanya kazi nyingi."

Mtayarishaji akacheka kidogo, akaondoka ameridhika. Mzee akachukua ufagio. Alianza penye mlango wa choo, akaja mpaka kwenye kamba ya nguo, akafika mwisho. Kisha akarudi mwanzo akaanza tena.

Bibi alikuwa amesimama dirishani. Safari hii hakutania.

"Anafagia palipokwisha kufagiliwa," alisema kwa sauti ndogo kama yangu.

Aprili 5, Ijumaa

Mkono unauma lakini nitaandika yote.

Niliamka kwa kelele ya bati. Haikuwa manyunyu, ilikuwa mvua nzito inayoanguka kama kokoto. Watu wa tamthilia walikuja, wakapanga taa zao, wakaketi. Mzee alikaa mezani mbele ya kamera tangu asubuhi, amevaa, karatasi haikuwepo tena mkononi. Fundi wa sauti alivivaa vidude vyake, akavivua, akavivaa. Mchana ulipopita mtayarishaji alianza kutazama saa.

"Ningepata kitu kizito cha kuweka juu ya bati," fundi wa sauti alisema, akijisemea tu. "Blanketi zetu tumezibia madirisha. Lakini hata magunia, hata magodoro."

Bibi alikuwa mlangoni na ndoo ya kukingia tone linalovuja. Aliiweka chini.

Nikasikia vishindo chumbani kwetu. Akatoka akiburuta godoro lake, lile la pamba alilofungia ndoa na Babu, ambalo mimi sijawahi kuruhusiwa hata kulikalia. Alilivuta mpaka uani, kwenye mvua, akaegemeza ngazi.

"Mama, utaumia," mwongozaji akasema.

"Nimepanda paa hili kabla hujazaliwa. Shika chini huko."

Halafu akanigeukia. "Nenda kwa majirani. Mwenye godoro alete. Waambie likiharibika nitajibu mimi."

Mimi, ambaye hata dukani huonyesha kwa kidole. Nilikimbia kwenye matope, nikabisha mlango wa seremala. Alipofungua nilikuta neno halipo, kama kawaida. Kisha akilini nikaona ndara zile zikifagia palipokwisha kufagiliwa, na neno likaja. Nikasema kwa sauti. Nikasema tena kwa jirani wa pili na wa tatu, na kwa bibi harusi wa juzi anayekaa nyumba ya bluu. Seremala alikuja na mawili kichwani na ngazi ndefu. Bibi harusi alikuja na jipya, bado liko ndani ya nailoni.

"Toa nailoni," Bibi alimpigia kelele kutoka juu, "hiyo italia kuliko bati."

"Bibi, mume wangu atasema nini?"

"Mwambie leo mnalala chini kama mlivyoanza."

Watu walicheka huku wamelowa mpaka mifupani. Magodoro yalipanda, na mablanketi, na zulia la seremala. Yalipokunywa maji yakawa mazito, yakalala juu ya bati kama wanyama waliochoka. Na kelele, kidogo kidogo, ikaondoka. Ndani ilibaki sauti kama ya mtu anayepumua akiwa amejifunika shuka.

Fundi wa sauti alifumba macho akasikiliza. Hakutikisa kichwa. Aliinua kidole gumba.

Wakaanza haraka. Msaidizi wa mwongozaji, mwenye sauti nene, alikaa kando ya kamera kusoma maneno ya binti. Alisoma kama anayetangaza waliopotea. Mzee alianza, akasimama. Akaanza tena, akasimama.

"Samahani," alisema. "Mleteni mjukuu wangu."

Nilikuwa nyuma ya nyaya, maji yananitiririka, nimefunga kitambaa changu cha njano kichwani. Nilikataa kwa kichwa. Watu wote walikuwa wananitazama. Mzee aliinuka akanijia, akachuchumaa mbele yangu, magoti yakalia.

"Sitaki uigize. Nataka mtu wa kumwambia."

"Siwezi kutazamwa," nilisema.

"Basi wewe ndiye utazame. Kutazamwa niachie mimi, ndiyo kazi yangu."

Wakaniketisha kwenye sanduku, karibu na kamera hata nikasikia joto lake sikioni. Mwongozaji akataka kimya. Nilitazama meza. Kisha nikakumbuka alivyomlilia mwenzake Jumamosi ile mahali pasipoonekana, nikainua macho.

"Baba," nilisema, "mlango ulikuwa wazi."

Nilimtafuta Mzee Sumu kwenye uso ule, sikumpata. Nilimtafuta hakimu, mwizi, daktari, yule mbeba mbao. Nilimtafuta hata mzee anayefagia uani kwetu. Hawakuwepo. Alikuwepo mtu ambaye sijapata kumwona, na mtu huyo alikuwa amenisubiri.

"Sikuwahi kutia komeo," alisema. "Mama yako alisema wezi wataingia. Nikamwambia, watapata nini humu, cha maana kilishaondoka."

Aliyasema maneno yote ambayo nilikuwa nimeyasikia barazani mara nyingi mpaka nayajua, na sikuyajua hata moja. Alisema kila jioni alikuwa anasikiliza viatu njiani. Alisema anavijua viatu vya kila mpita njia wa mtaa ule, na alikuwa anangoja vile asivyovijua, kwa sababu binti amekua, na yeye hakujua sasa binti yake anakanyaga vipi. Hakulia. Jumamosi ile alilia ili mwenzake aweze kulia. Leo aliyazuia machozi, na kule kuyazuia ndiko kulikonivunja. Kidole chake kilikuwa kinapapasa doa la masizi kwenye meza, polepole, kama anayepapasa kichwa cha mtoto.

Ilibaki zamu yangu. Nilitakiwa kusema, "Nisamehe, Baba." Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu. Yeye akangoja. Hakuna aliyesema kata. Alinitazama kwa subira ambayo sikujua kwamba mtu anaweza kuwa nayo, kana kwamba miaka yote ile bado haijaisha na hata ikiendelea si kitu. Kisha, bila neno, akaitikia kwa kichwa, akanisamehe kwa neno ambalo sikulisema.

Kamera haikuondoka.

Mwongozaji aliposema kata alisema kwa kunong'ona. Mtayarishaji alikuwa ameweka simu zote mbili sakafuni. Nilianza kuomba radhi kwa kusahau. Mwongozaji akasema, "Lile neno hatulihitaji tena." Akatuonyesha kwenye kioo chao kidogo. Uso wa Mzee ulijaa kote. Ndani ya jicho lake, ukitazama sana, kulikuwa na kitu cha njano, kidogo kama punje ya mtama.

"Hii haikatwi," mtayarishaji alisema.

Nilipogeuka nilimwona Bibi nje ya dirisha, kwenye upenyo wa blanketi, amesimama mvuani, nywele zimemlala usoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Mikono yake yote miwili ilikuwa mdomoni.

Aprili 6

Jua kali, baada ya yote hayo. Mtaa mzima una magodoro kwenye kuta na nyua. Bibi harusi amepita akasema mumewe alicheka, na mgongo unamuuma.

Watu wa tamthilia wanafungasha. Mpaka rangi alitaka kupaka chokaa, Bibi akamwambia atapaka mwenyewe, akishapumzika. Nimefagia uani. Nimeona nyayo za ndara zile kwenye tope lililoanza kukauka, nikazizunguka.

Mzee alikuja kuaga akiwa na nguo zake mwenyewe, na birika. Nilimwamkia, na nilichosema kilikuwa "Shikamoo, Babu." Akaitikia kama aliyezoea. Kisha akamimina kikombe, akamwelekezea Bibi, aliyekuwa ameketi karibu na godoro lake akilipiga kwa fimbo ili pamba ifumuke.

"Mama, chai."

Bibi aliacha kupiga. Alikitazama kikombe, akamtazama yeye, akafungua pindo la kanga akatoa ufunguo wa sanduku lake, akanipa.

"Shika," aliniambia. "Lolote likitokea, nguo za kunivalisha ziko chini kabisa."

Akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa, akapumua, akanywa tena, mpaka mwisho. Babu alisimama bila kutikisika, kama siku ile ya inzi.

"Sukari imezidi, shemeji," Bibi alisema. "Hebu pita jikoni ukalete maji ya moto."